Dereva wa Lori Kutoka Kigoma: Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kazi cha Kanada

Madereva wa semi wa Mwandiga, Kasulu na Kibondo wanaambiwa kila mara kwamba kuna mtu "anatoa vibali vya Kanada": lipa nusu sasa, nusu ukifika. Kibali hicho hakiuzwi. Safari yote inaanzia kwa mwajiri aliyeko Kanada, na bila yeye hakuna mtu wa Kigoma wala wa Dar anayeweza kukutolea. Ukilishika hilo utajua hela ipi ni ada halali na ipi ni ya kutapeliwa.

Hata hivyo kuna kazi ya kufanya hapa nyumbani kabla ya kumtafuta mwajiri, na ya kwanza ni pasipoti. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cha mzazi au kiapo. Mkoa wetu unapakana na Burundi na Kongo, kwa hiyo maswali ya uraia huwa marefu: baba kazaliwa kijiji gani, babu kazikwa wapi. Usikasirike. Kaa kwanza na wazee, uandike majina matatu ya kila mmoja, kijiji, kata na wilaya. Kama leseni inakuita Juma na cheti cha kuzaliwa kinakuita Jumanne, sahihisha sasa hivi, maana jina hilo litakufuata kwenye kila fomu. Leseni nayo iwe hai na iwe na daraja E.

Kinachofuata ni ushahidi wa uzoefu, na hapa ndipo ninapowaonea huruma madereva wetu. Mtu kaendesha tangu ujana wake, kapeleka saruji Bujumbura, kabeba chumvi ya Uvinza, lakini kila kitu kilikuwa makubaliano ya mdomo na tajiri. Afisa wa viza hana namna ya kuyaona hayo. Mwombe tajiri barua yenye kichwa cha kampuni, kwa Kiingereza, inayotaja aina ya gari (kichwa na tela, isiseme tu "gari"), tani, njia ulizopita, tarehe ya kuanza na ya kuacha, saa za kazi kwa wiki na mshahara. Iwe na sahihi, mhuri na namba ya simu inayopokelewa. Barua ya Kiswahili itabidi itafsiriwe na mtafsiri anayekubalika.

Kama tajiri mmoja kafariki au kampuni imefungwa, tafuta alama nyingine: taarifa ya michango yako ya NSSF, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, nakala za nyaraka za mzigo, mihuri ya Manyovu, Kabanga au Tunduma. Miaka ya utingo usiijumlishe na ya udereva. Ukigundulika umedanganya, Kanada inaweza kukufungia maombi kwa miaka 5, na hapo hata barua zako za kweli hazitakusaidia.

Sasa mwajiri. Kwenye orodha ya kazi ya Kanada, dereva wa malori ya mizigo ana namba 73300. Tafuta kwa namba hiyo kwenye Job Bank, tovuti ya ajira ya serikali yao, ambako matangazo yanayokaribisha watu wa nje yana alama yake. Kampuni ikikutaka, inapeleka serikalini maombi ya tathmini iitwayo LMIA, kuonyesha kwamba imetafuta mtu wa ndani ikakosa. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada, mwajiri ndiye analipa, na sheria inamkataza kukudai wewe. Tangu Septemba 2024, kwa kazi za mshahara wa chini, maombi ya miji mikubwa yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 6 au zaidi hayapokelewi, kwa hiyo kampuni za miji midogo ndizo zenye nafasi zaidi. Tathmini ikipita utatumiwa nakala ya barua pamoja na mkataba. Angalia tarehe ya mwisho wa barua, maana haidumu zaidi ya miezi 6 na maombi yako lazima yaingie kabla.

Ukipitia wakala wa hapa nchini, uliza ofisi ya serikali ya huduma za ajira kama ana leseni ya wizara inayoshughulikia kazi. Anayejiita mshauri wa uhamiaji wa Kanada naye awe kwenye daftari la College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kinachowasimamia washauri hao, daftari ambalo unaweza kulisoma bure mtandaoni.

Maombi yenyewe hayana ugumu. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya uhamiaji ya Kanada (anwani inaishia na canada.ca au gc.ca), unajaza fomu IMM 1295, unapakia barua ya LMIA, mkataba, pasipoti, leseni na barua za uzoefu. Ada ni dola za Kanada 155 za kibali na 85 za alama za vidole. Kijana wa steshenari akusaidie kuskani, ila barua pepe na neno la siri viwe vyako mwenyewe.

Baada ya kulipa utapata barua ya kwenda kutoa alama za vidole ndani ya siku 30, kwenye kituo cha viza Dar es Salaam. Kwa kuwa utakaa zaidi ya miezi 6, utapimwa afya pia, na daktari lazima awe kwenye orodha ya Kanada. Vipimo vya hospitali yetu ya Maweni, hata vikiwa sahihi kabisa, havitapokelewa. Panga vidole na daktari kwa safari moja, nauli ya Kigoma hadi Dar si ya kurudia. Huenda ukaombwa na cheti cha polisi cha tabia njema.

Ukikubaliwa, pasipoti itabandikwa viza na utapewa barua ya utambulisho. Kibali chenyewe kinachapishwa na afisa wa mpakani siku unayotua. Kisome ukiwa bado mbele yake: jina la mwajiri, kazi, tarehe ya mwisho. Huruhusiwi kumfanyia kazi mwingine kwa kibali hicho, isipokuwa ukinyanyaswa, kuna kibali cha wazi, kisichokufunga kwa mwajiri mmoja, unachoweza kuomba.

Jambo moja liulize kabla hujasaini mkataba. Leseni yako ya daraja E haikupi ruhusa ya kuendesha semi kule. Kuna mafunzo ya lazima ya leseni ya Class 1, yaani ya semi, ambayo majimbo mengi yaliyaweka baada ya semi kugongana na basi la timu ya Humboldt Aprili 2018, ajali iliyoua watu 16. Jimbo la Saskatchewan linadai saa 121.5 za mafunzo. Muulize mwajiri nani atalipia mafunzo hayo na mtihani, na wiki hizo utakuwa unalipwa kiasi gani. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.