Doa aliharibiwa na mdomo wangu

Doa ni mbwa wangu wa kuwindia kware: akiwanusa anatakiwa agande asubiri nifike. Alipokuwa na miezi kumi nilimwona mkaidi. Ananusa kware, anaganda, mguu mmoja juu, halafu kabla sijamfikia anawarukia na kundi zima linapaa. Nikaanza kuweka daftari. Siandiki alichofanya mbwa. Naandika nilichofanya mimi sekunde chache kabla. Nawe weka lako. Kurasa tatu zilitosha kunitia haya.

Kosa lililonigharimu zaidi: mara mbili nilimpiga risasi kware ambaye Doa mwenyewe ndiye aliyemkurupusha. Kwangu ilikuwa bahati, kwake ilikuwa somo: ruka, ndege ataanguka. Kulifuta kulichukua wiki sita, bila kuua hata ndege mmoja. Mbwa akikurupusha ndege, bunduki ibaki chini na mdomo ufungwe. Mshike kamba (yangu ina meta 10), mrudishe pale alipoganda mara ya kwanza, asimame hapo hadi pumzi zitulie. Ndege apigwe tu iwapo mbwa amesubiri. Kama unaweza, mwachie mwenzako bunduki, wewe ushughulike na mbwa. Mikono miwili haitoshi kwa yote.

Daftari likanionyesha jambo jingine. Nilikuwa namjia kwa nyuma, mbiombio, huku nikisema "simama, simama, simama". Vishindo vyangu ndivyo vilivyomsukuma. Siku hizi nazunguka kwa ubavuni, anione, mwendo wa kawaida, kimya. Akishaganda, hana haja ya kuambiwa asimame.

Kabla ya kumgombeza kwa kuwavamia ndege bila kuwanusa, rusha majani makavu kidogo uone upepo unakoelekea. Ukivuma kutoka mgongoni mwako, harufu inapelekwa mbele na yeye hana habari. Mwanzishe akielekea unakotoka upepo.

"Njoo" sema mara moja. Kama huna njia ya kumlazimisha, usiite. Na akichelewa kuja, usimchape. Atakumbuka kwamba alichapwa alipofika, basi.

Mlio wa bunduki uanzie mbali, wakati amenogewa kukimbiza ndege, usogezwe taratibu kwa siku nyingi. Akishtuka, rudi mbali. Hapa tu sikukosea, maana nilikuwa nimeshamwona mbwa wa jirani akijificha chini ya gari.

Jana nimeandika: "Kamba imenasa kichakani, nimefoka." Doa alikuwa ameganda muda wote huo, kware wako hatua nne mbele yake.