Kabla hujampeleka mbwa wa maji kwenye mtihani wa kuokota bata

Wenye mbwa wa manyoya ya kujisokota, Irish Water Spaniel au Poodle mkubwa, wakiamua kuingia mitihani ya American Kennel Club (chama cha wafugaji mbwa) huku Marekani, ile ya mbwa kumletea mwindaji bata aliyekufa, wanahangaika na kuogelea kwanza. Kuogelea atakuzidi huyo, usipoteze wikendi. Shida iko ukingoni, pale anapotoka majini na bata mdomoni, maana lile koti la manyoya linabeba maji kama godoro, akikanyaga nchi kavu tu anataka kujikung'uta, na kujikung'uta huku umeuma bata si kazi rahisi. Anamweka chini. Wangu mara ya kwanza alimweka palepale kwenye maji ya vifundoni, akajikung'uta kuanzia masikio hadi mkia bila haraka yoyote, kugeuka bata anaelea anarudi zake bwawani, akamwangalia kama si wake, akaja kwangu mdomo mtupu na furaha tele. Nikachukua kamba nikarudi garini.

Ngazi ya Junior, ile ya mwanzo, bata lazima umpokee mkononi. Kwa hiyo kwenye mazoezi simama wewe mwenyewe ukingoni, viatu ndani ya maji, mpokee kabla hajapata nafasi ya kujikung'uta, ukishamchukua bata ndo unampa ruhusa hata akulowanishe. Kila baada ya siku mbili tatu rudi nyuma hatua moja. Usiruke kumi kisa jana alifanya poa.

Halafu usimzoeze dami la plastiki (kile cha kurusha badala ya bata) peke yake. Bata wa kweli manyoya yanabaki ulimini, shingo inaning'inia inampiga miguuni akitembea, na akishatupwa majini mara ya tatu amelowa ni mzito kweli. Weka wawili kwenye friza (mke wangu ule mfuko kauandika jina langu kwa herufi kubwa), watoe usiku wa kuamkia mazoezi, maana bata aliyeganda ni jiwe tu.

Sheria zenyewe si nyingi. Junior ni ndege wanne, mmoja mmoja, wawili nchi kavu wawili majini, kwa kawaida ndani ya yadi 100. Alama ni 0 hadi 10, wastani unaotakiwa 7, ukifaulu mara 4 ndo cheo. Mbwa awe na miezi 6, jike akiwa kwenye joto la kutaka dume abaki nyumbani, kola ya umeme haivaliwi, na wewe vaa nguo za rangi iliyokolea.

Sasa hili sitaki mzaha, kipindi cha joto ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi ya ukuta imemwagika, usimwingize hata mazoezini, kuna aina ya utando ule ina sumu inayoweza kumuua mbwa ndani ya saa chache. Masikio nayo yakaushe kila akitoka, yana nywele mpaka ndani. Manyoya punguza, usimnyoe kipara, maji ya Oktoba yanauma.

Na taulo liache garini. Wangu akiliona tu anajua kazi imeisha, anaachia bata.