Siti ya Pikipiki kwa Safari Ndefu: Namna ya Kuichagua na Kuitengenezesha

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binamu yangu wa Moshi, mnunuzi wa mbaazi na alizeti anayekwenda Babati na Kondoa kwa pikipiki kila msimu, kupata siti anayoweza kuikalia kutwa. Alikuwa amekwisha kununua siti mpya ya dukani, nene na laini, lakini kila alipofika Makuyuni alikuwa ameanza kukaa upande upande. Msimamo wangu nausema mapema: siti ya safari ndefu huamuliwa kwanza na umbo lake, kisha na ubora wa sponji, na kava huja mwisho kabisa. Wengi huanza na kava kwa sababu ndilo linaloonekana, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Hatua ya 1: Tambua maumivu yanaanzia wapi

Endesha kwa muda wa saa moja na nusu hivi ukiwa na siti uliyo nayo, kisha uandike mahali panapouma na wakati maumivu yalipoanza. Maumivu yanayokusanyika kwenye pointi mbili chini ya makalio hutokana na sponji iliyochoka au iliyo laini mno, ambayo mifupa ya kukalia imeipenya mpaka inagusa bati la chini ya siti. Maumivu ya kifandugu huonyesha kwamba siti imeinama kwa nyuma, au kwamba mgongo umejikunja kwa sababu usukani uko mbali na kifua. Ganzi ya sehemu za mbele hutokea siti inapokutelezesha kuelekea kwenye tangi, ambako ni kwembamba na uzito wa mwili hubebwa na nyama na mishipa ya fahamu badala ya mifupa. Mapaja yanayochubuka kwa ndani yanadai kona za siti zizungushwe, na magoti yanayouma humaanisha kwamba siti iko chini mno ukilinganisha na mahali pa kuweka miguu.

Ikiwa kinachouma ni kiuno kila unapopita kwenye rasta au barabara ya vumbi yenye mawimbi, kagua kwanza shokapu za nyuma na upepo wa tairi. Sponji haiwezi kufanya kazi ya shokapu iliyokufa.

Hatua ya 2: Amua kununua au kutengenezesha

Wenye pikipiki kubwa, kama vile Honda Africa Twin au BMW za aina ya GS, wanaweza kuagiza siti zilizobuniwa kwa safari ndefu kutoka kwa watengenezaji wa Marekani kama Corbin, Sargent na Seat Concepts. Siti za Corbin zinajulikana kwa ugumu wake, jambo linalowashtua wanunuzi wengi siku ya kwanza, ilhali Seat Concepts huuza pia sponji na kava tupu ili uvifunge kwenye kitako cha siti yako mwenyewe, yaani lile bati au plastiki ya chini, na mzigo wa namna hiyo ni mwepesi kuusafirisha. Kabla ya kulipa, jumlisha gharama za usafiri na ushuru, kwa sababu bei ya mwisho huwa mbali sana na ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Kwa Boxer, TVS na pikipiki nyingine ndogo, sioni sababu ya kununua siti iliyokamilika. Nyingi nilizozishika madukani ni nakala ya umbo lile lile la kiwandani zilizovishwa kava la rangi ya kupendeza. Tafuta fundi wa viti, na ukiwa na uwezo wa kuchagua, mchague anayeshona viti vya mabasi na daladala kuliko anayeshona makochi. Fundi wa makochi amezoea kumridhisha mtu anayekaa sebuleni kwa raha, naye atakupa ulaini; fundi wa mabasi amezoea sponji inayokaliwa mchana kutwa kwa miaka.

Hatua ya 3: Pima mifupa ya kukalia

Weka kipande cha boksi la karatasi ngumu juu ya ngazi ya saruji, ukikalie ukiwa umevaa suruali nyepesi, uinamie mbele kidogo kama unavyoshika usukani, kisha unyanyue visigino ili uzito wote ushuke. Ukiinuka utaona mabonyeo mawili. Pima kutoka katikati ya bonyeo moja hadi katikati ya jingine. Kwa watu wengi umbali huo ni kati ya sentimita 10 na 14, na kwa kawaida wanawake huwa na umbali mkubwa zaidi kidogo kuliko wanaume. Andika namba hiyo, kwa kuwa utamkabidhi fundi.

Hatua ya 4: Fungua siti na uvue kava

Hifadhi kava la zamani hata kama limechanika, kwa kuwa litakuwa kielelezo cha kukatia jipya. Kitako kikiwa na kutu au ufa, kitengenezwe sasa.

Hatua ya 5: Chagua sponji kwa mizani

Fundi atakuuliza, "Nikuwekee laini au ngumu, bosi?" Swali hilo halitoshi. Sponji laini hufurahisha kwa dakika tano za kwanza, na dukani hakuna anayekaa zaidi ya dakika tano. Baada ya saa moja barabarani imekwisha kubonyea yote, na mifupa inakalia bati. Ukiuliza sponji kwa uzito wake utapata jibu linaloweza kuhakikiwa.

Kata kipande chenye sentimita 10 kila upande, urefu, upana na kimo, kisha ukipime kwenye mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya wauza viungo sokoni. Idadi ya gramu utakayoiona ni sawa na kilo za sponji hiyo kwa kila mita moja ya ujazo. Sponji nyingi za magodoro ya kawaida zitasoma chini ya gramu 40, na hizo uziache kwa matumizi ya kitandani. Kwa siti mimi hutaka gramu 50 au zaidi. Ile sponji ya mabaki yaliyosagwa na kugandamizwa pamoja, yenye madoa ya rangi rangi, huwa nzito zaidi, nami huipenda kama tabaka la chini, mradi juu yake iwekwe sponji nyingine yenye mnyumbuko.

Uzito hueleza zaidi sponji itadumu kiasi gani kuliko ugumu wake, kwa hiyo ongeza jaribio la pili: iweke sakafuni ikiwa na unene uleule utakaoutumia, upige goti moja juu yake na uhesabu polepole hadi thelathini. Ukiisikia sakafu, inakataliwa. Unene wa sentimita 6 hadi 8 mahali pa kukalia unatosha watu wengi, na sentimita moja ya sponji laini juu kabisa inaruhusiwa kwa ajili ya kulainisha mguso.

Hatua ya 6: Chonga umbo, na uendeshe juu ya sponji tupu kabla ya kushona

Hatua hii ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi kuliko nyingine zote kwa pamoja, na ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka kwa sababu mteja mwenyewe ana haraka. Baada ya kava kushonwa, kila rekebisho ni kazi mpya yenye malipo mapya. Kabla ya kushonwa, rekebisho ni kisu na msasa tu.

Anza na mwinamo. Usiupime pikipiki ikiwa imesimamishwa kwenye stendi ya kati, kwa sababu hapo haijakaa kama inavyokaa barabarani, na usiupime ikiwa tupu. Mwendeshaji akipanda pamoja na mzigo wake, sehemu ya nyuma hushuka kuliko ya mbele, na siti iliyokuwa sawasawa pale kwa fundi huinamia nyuma. Funga rula ndefu ya mbao ubavuni mwa kitako cha siti, ufunge na mzigo unaobeba kwa kawaida, kisha ukae mwenyewe huku mtu mwingine akishika pikipiki na wa tatu akisoma pima maji juu ya rula. Fundi achonge sponji kwa kufuata usomaji huo, ili ukiwa umekaa, mahali pa makalio pawe sawasawa au pawe pamepanda mbele kwa kiasi kidogo sana, kama nusu sentimita hivi. Kupanda huko kidogo ndiko kunakokuzuia usiteleze kuelekea kwenye tangi kila unapokamata breki. Kukizidi, mgongo utajikunja na kifandugu kitaanza kulalamika.

Kisha upana. Chukua ile namba ya mifupa na uongeze sentimita 6 kila upande. Sehemu hiyo pana iwe nyuma ya mapaja tu, na kutoka hapo siti ipungue haraka kuelekea kwenye tangi ili miguu ishuke bila kutanuka. Mtu mfupi asikubali kuongezewa kimo kabla ya kuhakikisha kwamba akisimama anaikanyaga ardhi vizuri, kwani siti pana humnyanyulia miguu hata kama kimo chake hakikuongezeka. Kona zote zinazogusa paja zizungushwe kwa msasa mpaka kiganja kipite bila kukwama.

Juu pawe tambarare. Siti nyingi za kiwandani zimetuna katikati, na mtuno huo hubeba uzito mahali pasipo na mfupa. Ukaguzi wake ni rahisi: paka sponji vumbi la chaki, vaa suruali nyeusi, kaa kwa dakika kumi bila kujisogeza, kisha mwombe mtu akuangalie nyuma. Ukiwa na alama mbili zilizo wazi, kila moja kama kiganja, umbo liko njiani. Ukiwa na mstari mmoja mweupe katikati, mtuno bado upo na kisu kirudi kazini. Kata kidogo kidogo kwa kisu cha mkate chenye meno, umalizie kwa msasa, na sponji iwe kavu kabisa, kwa kuwa ikiwa na unyevu hunyofoka vipande.

Gundi ipakwe pembeni tu. Ikipakwa chini ya mahali pa kukalia, hukauka na kuwa gamba gumu ambalo utalisikia ukifika mbali, na hakuna njia ya kuliondoa bila kuchana sponji.

Sasa ifunike sponji kwa nailoni, juu yake kitenge kikuukuu kilichovutwa vizuri, ufunge chini kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, na uende safari ya kweli. Kutoka Arusha hadi Makuyuni na kurudi kunafaa sana, kwani ni takriban kilomita 80 kwa kila upande. Anayeishi Moshi anaweza kuja Arusha na kurudi, umbali unaokaribiana na huo. Usifanye jaribio mjini, kwa sababu mjini unasimama na kujinyoosha kila mara na siti mbovu haipati nafasi ya kujionyesha. Beba maka peni, na kila unapohisi mahali panapobana, simama pembeni, upatie alama juu ya kitenge palepale, kwani ukifika nyumbani utakuwa umesahau kama ni kulia au kushoto. Rudi kwa fundi na kitenge hicho, mchonge alama hizo peke yake, kisha mrudie. Kushona kuanze pale tu safari ya saa moja na nusu inapokwisha bila alama mpya.

Kama hubebi abiria wala mshikaki, mwombe fundi aache ngazi ndogo ya sentimita 3 au 4 kati ya nafasi yako na ya nyuma. Ngazi hiyo huegemea nyonga na kupunguza uchovu, lakini iwe nyuma vya kutosha kukuruhusu kusogea. Siti inayokufungia mahali pamoja huchosha hata ikiwa na umbo zuri.

Hatua ya 7: Kava

Chagua ngozi bandia inayovutika yenye kitambaa kwa nyuma, isiyong'aa. Nyeusi huunguza ikiachwa juani, hivyo rangi ya kijivu au ya kahawia ni bora kwa anayeegesha nje. Mshono usipite kabisa mahali pa kukalia: unabana ngozi, na wakati wa masika ndio mlango wa maji. Maji yaliyoingia kwenye sponji hukaa humo kwa muda mrefu na kupanda kila unapokaa. Mishono ya pembeni ipakwe silikoni kwa ndani, na kitako kitobolewe matundu madogo mahali pa chini kabisa ili kinachoingia kipate pa kutokea. Kwa kitako cha plastiki, pini za stepla ziwe fupi zisitokeze upande wa pili.

Hatua ya 8: Nyongeza zinazofaa

Ngozi ya kondoo yenye manyoya, iliyolainishwa vizuri, ndiyo nyongeza ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inapitisha hewa na kupunguza msuguano na jasho. Ivuliwe mvua inapokaribia. Mito ya jeli siipendekezi kwa anayeegesha juani, kwa kuwa jeli huhifadhi joto kwa muda mrefu.

Mto wa upepo, kama ule wa Airhawk, hufanya kazi vizuri ukijazwa kidogo tu. Ujaze, ukae juu yake, kisha ufungue vali upunguze mpaka uhisi unakaribia kugusa siti, na hapo ufunge. Anayetoka Arusha, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuelekea Dar es Salaam atakuta mto umelegea kadiri anavyoshuka, kwa sababu kanieneo ya hewa ya nje inaongezeka na kuubana. Anayepanda kutoka pwani hukuta kinyume chake, mto umekuwa mgumu na unamyumbisha kwenye kona. Kwa hiyo rekebisha upepo wake mahali pamoja au pawili njiani, kwa mfano Same na Segera, unaposimama kujaza mafuta.