Kabla ya Mashirika Kutia Saini Pamoja: Funguo Azishike Nani?

Mafuriko ya masika ya 2024 yalipozikumba nyanda za Nyando, magharibi mwa Kenya, nilikuta mashirika manne kwenye kambi moja ya waliohama makwao, karibu na Ahero. Sote tulikuwa tumeleta vyandarua. Mama mmoja alipata vitatu kwa siku mbili: kimoja akakitundika, kimoja akawafunikia kuku, cha tatu akakikunja akakitia kikapuni. Ng'ambo ya maji kulikuwa na kijiji ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikia. Na si kwamba hatukujuana. Wawili kati yetu tulikuwa tumekunywa chai pamoja mjini Kisumu wiki iliyotangulia. Aliyekosekana ni mtu wa kusema "wewe shika huku, mimi nishike kule" na wenzake wakamsikiliza.

Tangu siku hiyo, nikialikwa kwenye kikao cha kuunda muungano wa mashirika, huuliza maswali yangu kabla kalamu haijatoka mfukoni. Mengine huonekana ya uchokozi.

Kwanza, tunaungana kwa nini? Kama ni kwa sababu mfadhili hataki ombi la shirika moja moja, si aibu, mradi lisemwe mezani. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi mingi ya afya huku magharibi ilikwama, na mashirika madogo yakaanza kutafutana. Urafiki wa shida nao una faida yake. Ila kila mmoja ataje anacholeta: huyu ana wahudumu wanaojulikana mitaa ya Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu, yule ana mhasibu wa kutegemewa, mwingine ana gari. Anayezunguka zunguka kulijibu hilo leo ndiye atakayekuwa mzigo kesho.

Karatasi nisizikalie sana, lakini zikaguliwe. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 ikalala miaka kumi na moja, hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vya mitaani navyo vina sheria yao ya usajili ya 2022. Kila mmoja aje na cheti, katiba yake na barua ya bodi inayomruhusu kuingia kwenye ushirika. Muungano wenu wenyewe, msipousajili, hauna akaunti wala hauwezi kushtaki mtu. Kwa hiyo shirika moja litapokea pesa kwa niaba ya wote, na hapo ndipo penye kazi.

Kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wametutangulia katika hili. Mtindo wao, ambao shirika la CARE lilianzisha nchini Niger mwaka 1991, una sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa wanachama wengine watatu, na halifunguliwi ila mbele ya kikao, watu wote wakiangalia noti zikihesabiwa. Sijaona somo la uongozi wa pamoja linalolishinda sanduku hilo.

Basi ulizeni: shirika litakalotunza akaunti, funguo zake zitakuwa kwa nani? Nani ataidhinisha malipo? Pesa ikiingia benki, itawafikia washirika baada ya siku ngapi? Mwenye akaunti atakata asilimia ngapi kwa gharama za ofisi yake? Zaidi ya yote, bajeti nzima ionwe na wote. Niliwahi kuwa kwenye mradi ambao sisi wadogo tulionyeshwa ukurasa wetu tu. Miezi minane baadaye karatasi kamili ikasahauliwa kwenye mashine ya kunakili, tukaona kwamba mafuta ya gari la wakubwa yalizidi posho za wahudumu wetu wote. Hakuna aliyekuwa ameiba chochote. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeleta ripoti kwa wakati, na sikuwa na uso wa kuwalaumu.

Lijalo ni kiti. Watu hupigania uenyekiti wakasahau uratibu, ilhali mwenyekiti huonekana mara moja kwa mwezi na mratibu ndiye anayepiga simu kila siku. Washauri wa mashirika John Kania na Mark Kramer walipoandika mwaka 2011 juu ya miungano ya namna hii, walisisitiza kuwa inahitaji watu ambao kazi yao ni hiyo tu ya kuwashikanisha wengine. Sisi huipachika kazi hiyo kwa mtu mwenye kazi zake nyingine tatu, kisha twashangaa muhtasari wa kikao ukija usiku wa kuamkia kikao kinachofuata. Mratibu alipwe. Kiti kizunguke, hata kila miezi sita. Na mnapochagua, msimtazame msemaji hodari. Mtazameni yule ambaye mgeni akimsifu kwa kazi fulani, atamwita aliyeifanya aje aieleze mwenyewe.

Tabia hiyo haionekani kwenye wasifu wa kazi. Kwa hiyo fanyeni kitu kidogo pamoja kwanza: usafi wa siku moja ufuoni Dunga, au kliniki ya Jumamosi huko Obunga, kwa pesa ndogo mliyochanga wenyewe. Mtajua nani hufika saa mbili na nani hufika na mpiga picha.

Kuna jambo la lugha pia. Niliketi na mwenyekiti wa kikundi kutoka Nyakach asubuhi nzima, Kiingereza cha projekta kikimiminika ukutani. Daftari lake halikupata hata mstari mmoja. Wakati wa chai akaniambia kwa Kijaluo kwamba tarehe zote za mafunzo ziko wakati wa kupanda, hakuna mwanachama atakayekuja. Alikuwa na jibu tulilolihitaji, na kikao kilikuwa kimemfungia mlango. Amueni mapema lugha ya vikao, tena kila shirika lilete mtu mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa. Anayejibu "nitamuuliza mkurugenzi" kila mara anawarudisha nyuma mwezi mzima.

Majina ya wanaohudumiwa yana sheria yake, ile ya kulinda data ya 2019, na habari za afya ya mtu ndizo zinazolindwa zaidi. Orodha ya wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la washirika, hata kama ripoti imechelewa. Ukubwa wa nembo kwenye bango nao uamuliwe siku hiyo hiyo. Ni upuuzi, najua, lakini umewahi kula saa mbili za maisha yangu.

Mwishowe, zungumzieni kuachana mkiwa bado mnacheka. Andikeni mshirika akitaka kutoka atoe notisi ya siku ngapi, na mradi ukikatika ghafla nani awaambie wagonjwa. Tena andikeni pikipiki ya mradi itabaki wapi. Nenda kaangalie logibuku, ile hati ya umiliki, ina jina la nani.