Kabla Mgeni wa Wikipedia Hajafika: Mambo ya Kuzingatia

Ukiniuliza siku ya kuwafundisha watu kuhariri Wikipedia huharibikia wapi, sitataja projekta wala chai kuchelewa. Huharibika wiki moja kabla, pale mwandalizi anapojiambia kwamba akaunti watu watafungua papo hapo.

Nakumbuka Jumamosi moja katika ukumbi fulani wa Eastlands, Nairobi. Watu ishirini na wawili, simu mkononi, hamu tele. Sita wa kwanza walifungua akaunti bila taabu. Wa saba alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyekuja na daftari lake la kumbukumbu za mtaa. Akabonyeza, akakataliwa. Akarudia, akakataliwa tena. "Kijana, naona hii mashine yenu haitaki wazee," akaniambia. Watu wakacheka, mimi jasho likanitoka. Wala haikuwa habari ya uzee. Wikipedia huruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, na sisi sote mle ndani tulikuwa kwenye waifai moja. Sheria yenyewe ina maana, kwa sababu inawakomesha waharibifu wanaofungua akaunti kwa mafungu. Ila haiwezi kumtofautisha mharibifu na mwalimu mstaafu.

Kwa hiyo kila mtu afungue akaunti akiwa nyumbani, kwa bando lake, siku kadhaa mbele. Mtumie ujumbe mfupi wa kumwelekeza, kisha umwombe akujibu kwa kukuandikia jina alilochagua. Asiyejibu kufikia Jumatano mpigie simu. Inachosha, najua, lakini ni nafuu kuliko kusimama mbele ya watu kumi na sita waliokunja mikono. Kuna faida nyingine pia: Wikipedia ya Kiingereza haimruhusu mtu kuanzisha makala mpya moja kwa moja mpaka akaunti yake iwe na siku 4 na hariri 10, yaani awe amebadilisha na kuhifadhi kurasa mara kumi, kwa hiyo akaunti ya Jumatatu ina nguvu kuliko ya Jumamosi asubuhi. Kikomo cha akaunti sita kinaweza kuondolewa kwa siku ya tukio ukiwaandikia mafundi wa Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, na kuwapa anwani ya intaneti ya ukumbi, lakini hilo si ombi la Ijumaa jioni.

Kuhusu jina la akaunti, waeleze mapema mambo mawili. Akaunti ni ya mtu mmoja, si ya duka, kanisa wala chama. Na jina hilo litabaki kwenye historia ya kila ukurasa atakaogusa, kwa hiyo asilazimike kutumia jina lake halisi. Hasa akina dada waambie hivyo waziwazi. Wako walioandika majina yao kamili kwa kudhani ni sharti, wakajuta baadaye mtu asiyejulikana alipoanza kuwafuatafuata kwenye kurasa za majadiliano.

Paswadi iandikwe mahali, na anwani ya barua pepe iwekwe, la sivyo akiisahau hakuna wa kumrudishia.

Jambo linalowauma zaidi watu wa kwetu ni zuio la anwani. Kampuni za simu hazina anwani za intaneti za kumtosha kila mteja, kwa hiyo wateja wengi mno hutoka nje kupitia anwani moja, kama abiria wa matatu moja wanaoshukia mlango uleule. Mhuni mmoja akiharibu makala, anwani inazuiwa, na wewe uliyekaa mtaani Umoja ukirekebisha tahajia unakutana na ilani kwamba umezuiwa, tena wakati mwingine kwa lugha kali. Mgeni akiiona siku ya kwanza hudhani ametuhumiwa wizi. Siku mbili tatu kabla, jaribu kuhariri ukiwa ukumbini kwa waifai ya pale, kisha kwa laini za simu ambazo watu wako hutumia. Ukikuta zuio, nakili ujumbe wote pamoja na namba yake, ombea akaunti za wageni wako msamaha wa zuio. Kama zuio ni la Wikipedia ya lugha moja tu, omba kwa wakabidhi wake, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya kuzuia na kufuta. Kama ni la Wikipedia za lugha zote, omba kwa wasimamizi wa kimataifa. Na hata usipokutana nalo, waonye watu: "Ukiona maandishi haya, si wewe uliyekosa."

Halafu wajulishe wenye nyumba. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya 70,000 lakini wakabidhi wanaoitazama kila siku ni wachache, nao ni watu wa kujitolea kama sisi. Mmoja wao akifungua orodha ya mabadiliko ya karibuni Jumamosi mchana akute akaunti mpya ishirini zinaandika kwa pamoja kuhusu Nairobi, atafikiri nini? Atatengua kwanza, aulize baadaye. Andika kwenye ukurasa wa jumuiya: tarehe, saa, orodha ya majina ya akaunti, na nani wa kuulizwa likitokea tatizo. Nimeona namna wanavyolegea wakishabishiwa hodi. Wengine hukaa macho kuwasalimia wageni mmoja mmoja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wandalizi wengi hukosea kwa wema. Wanasema: "Chagua mada unayoipenda, andika makala." Mgeni anampenda nani? Bosi wake, mchungaji wake, shirika lake, binamu yake anayeimba. Anaandika kwa saa tatu, na Jumapili makala imefutwa kwa sababu hakuna chanzo huru kinachomzungumzia mtu huyo. Huyo hutamwona tena, wala simlaumu.

Andaa wewe orodha ya kazi, na iwe ya kazi ndogo. Sisemi ndogo kwa dharau. Wikipedia yetu imejaa mbegu, makala za sentensi mbili tatu zenye ile ilani chini inayouliza kama unajua kitu na kukualika uongeze habari. Pitia mbegu thelathini zinazohusu maeneo ambayo wageni wako wanayafahamu, na uhakikishe kwamba kila moja ina angalau chanzo kimoja unachoweza kukiweka mezani. Asiye na chanzo mezani atakiokota mtandaoni, na ataokota kile kinachoonekana cha kwanza.

Mimi hupenda kufundishia Kariokor. Karibu kila mtu wa Nairobi amewahi kula nyama choma pale au kununua kiondo. Mpe mgeni dakika tano aandike, utapata kitu kama hiki: "Kariokor ni soko zuri na maarufu sana linalopendwa na wote." Usicheke, wala usifute. Muulize: nani amesema ni zuri? Atajibu: "Si kila mtu anajua!" Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Mwambie atafute jina limetoka wapi. Akifungua kitabu cha historia ya mji ataona kwamba ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwamba mtaa ulikua mahali palipokuwa kambi yao. Sasa afute "zuri na maarufu sana", aandike sentensi moja kuhusu jina, aweke tanbihi yenye jina la kitabu na ukurasa. Kisha mwoneshe kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa njia hiyohiyo, aunganishe makala mbili kwa kiungo. Nimeona macho ya watu yakibadilika wanapoligundua hilo. Aliyekuja kusifu soko anaondoka ameunganisha miji miwili na vita vya miaka mia moja iliyopita, kwa maneno yasiyozidi ishirini. Anayependa kupiga picha mtume Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu za shaba za wanaume watatu, mmoja wao mpagazi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inaruhusu kupiga picha kazi ya sanaa iliyo mahali ambapo umma huiona, kwa hiyo hapo hana kosa.

Vyanzo vyenyewe Nairobi havijafichwa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina magazeti ya zamani, na ina matawi Kaloleni na Makadara. Nyaraka za Taifa ziko pale Moi Avenue, unazipita kila siku ukikimbilia matatu. Taifa Leo hukufaa kwa mambo ya Kenya kwa Kiswahili. Nenda mwenyewe wiki iliyotangulia, uangalie nini kinaazimwa na nini husomwa palepale, upige picha kurasa chache unazohitaji kwa ajili ya kusoma. Kupandisha kurasa hizo mtandaoni ni jambo jingine, usilifanye. Na daftari la yule mwalimu? Lilikuwa hazina, lakini Wikipedia haikubali kumbukumbu za mtu ambazo hazijachapishwa. Kumweleza hivyo bila kumvunja moyo ilinichukua chai nzima. Mwishowe tulilitumia kama ramani: kila alichoandika yeye, tulitafuta gazeti linalokithibitisha.

Kunakili kutoka tovuti nyingine kukatazwe kabla ya kompyuta kuwashwa. Tafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza inaruhusiwa, mradi muhtasari wa hariri, ule mstari wa kueleza ulichobadilisha, utaje makala ya asili. Lakini tafsiri ya mashine iliyobandikwa ilivyo ni balaa. Nimewahi kusoma kuhusu kijiji kilichoko "kwenye benki ya mto", yaani ukingoni. Msomaji wa Tanga atafikiri watu wanaweka pesa majini. Kanuni yangu ni kwamba sentensi usiyoweza kumsomea mama yako kwa sauti, usiihifadhi. Sheng nayo ibaki stejini. Na mtu wa Nairobi ajue kwamba "stima" yetu ni "umeme" kwa wasomaji wengi, asije akagombana na Mtanzania atakayelibadilisha.

Vitu vya ukumbini nitavitaja kwa haraka, maana hivyo kila mtu huvikumbuka: ekstensheni mbili, kipakatalishi cha akiba, bando la dharura stima ikipotea, maji, nauli ya wanaotoka mbali iwe tayari kabla ya saa ya kuondoka. Karatasi ya mahudhurio iombe machache, kwa sababu tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 namba ya simu ya mtu si kitu cha kuzungusha meza kwa meza. Picha za pamoja zipigwe kwa ridhaa, na asiyetaka uso wake uhusishwe na akaunti yake akae nyuma ya kamera.

Walimu nao wahesabiwe. Mwelekezi mmoja kwa wageni watano, asizidi hapo, na asishike kipanya cha mgeni hata akiona anapotea. Ukimshikia mara moja, atakusubiri maisha.

Jambo ambalo hupuuzwa kuliko yote ni Jumanne inayofuata. Mwaka 2009 Google iliandaa mashindano ya kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo, na makala zikaongezeka, lakini wengi wa walioandika hawakuonekana tena zawadi zilipokwisha. Agosti 2025 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa wahariri kutoka duniani kote, na tangu hapo naulizwa mara kwa mara, "Nitaanzaje?" Kuanza si kazi. Kazi ni pale hariri ya mtu inapotenguliwa akiwa peke yake kitandani na simu, bila wa kumuuliza sababu.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, gawa majina. Kila mwelekezi achukue watano wake, aziweke kurasa zao kwenye orodha ya maangalizi ili aone zikibadilishwa, na atenge nusu saa Jumanne na nusu saa Ijumaa. Kigezo cha karibu, ule ujumbe wa kumkaribisha mgeni ulioandikwa tayari, ni kizuri, ila kinafanana kwa kila mtu, nao wanajua. Ongeza mstari wako chini yake. Yule mwalimu nilimwandikia: "Shikamoo Mwalimu, ile tanbihi yako ya Jumamosi bado ipo, ila mwaka wa gazeti umeusahau. Bonyeza Hariri, uuongeze." Alichukua siku nne kujibu. Alikuwa ameuongeza mwaka, na ameuliza kama anaruhusiwa kugusa makala ya mtaa wa Makongeni.