Somo: Kusoma hali ya laini na hesabu za simu ndani ya modemu ya 4G

Vile vijiti vya rezo (mtandao) kwenye modemu msiviamini. Mimi niko na kibanda cha fotokopi na kuandikia watu barua hapa Nguba, Bukavu, na kwa miezi mingi modemu yangu ilionyesha vijiti vinne vimejaa huku imeli moja ikichukua muda wa mtu kwenda Kadutu kwa miguu na kurudi. Siku nilipoingia ndani ya modemu yenyewe ndipo nilipojua tatizo liko wapi. Somo hili ni la modemu za mezani zenye Wi-Fi, hasa zile zenye tundu la simu ya waya nyuma.

Hatua ya 1: Ingia ndani
Unganisha simu au kompyuta kwenye Wi-Fi ya modemu, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya modemu. Huawei nyingi ni 192.168.8.1, ZTE mara nyingi 192.168.0.1. Hapo mega haziliwi, na hata forfé (kifurushi cha data) ikiwa imekwisha ukurasa utafunguka. Nenosiri kama bado ni «admin», libadilishe leo hii, maana mteja yeyote uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia akakuvurugia kila kitu.

Hatua ya 2: Jua uko kwenye rezo ya nani
Tafuta PLMN, ndiyo namba inayotambulisha rezo. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo nchi: 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda. Sisi tulio karibu na Ruzizi, mto wa mpakani na Rwanda, hili linatuhusu sana. Asubuhi moja modemu yangu ilishika mnara wa ng'ambo, rominge (ruhusa ya kutumia rezo ya wengine) niliiacha wazi, na kabla ya saa sita mchana uniti za wiki nzima zilikuwa zimekwisha. Zima rominge, halafu uchague rezo yako kwa mkono badala ya kuiachia modemu ijitafutie.

Hatua ya 3: Soma namba tatu
RSRP ni nguvu ya mawimbi. Ina alama ya kutoa, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Kuanzia -90 kupanda uko vizuri, ukishuka chini ya -110 utahangaika. Na usidharau tofauti ndogo: ukipoteza 10, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi.

RSRQ ni ubora wa mawimbi hayo: ikiwa karibu na -10 ni sawa, ikielekea -20 ni mbaya. Nisikae sana hapo.

SINR ndiyo mwenye nyumba. Inakuambia sauti ya mnara wako inazidi kelele kwa kiasi gani. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni katikati ya soko la Kadutu na usimwelewe, lakini usiku nyumbani akinong'ona unasikia kila neno. Ikifika 20 furahi. Kwenye 10 kazi inaenda. Ikiwa 0 au chini yake, hata vijiti vijae vyote, hamna kitu.

Yangu siku ile: RSRP -82, SINR 1. Modemu niliiweka dirishani linapotazama mtoni, ikawa inasikia minara mingi kwa mara moja. Nikaihamishia ukuta wa nyuma, upande wa mlima. RSRP ikaanguka hadi -93, kijiti kimoja kikapotea, mke wangu akanicheka. Lakini SINR ilipanda hadi 14, na imeli zikaanza kwenda.

Hatua ya 4: Andika kwenye daftari
Asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, kwa siku tatu. Kila mahali unapoiweka, subiri dakika mbili kwanza, namba zinacheza. Andika na Cell ID, namba ya mnara ulioshikwa: ikibadilika kila mara, modemu yako inarukaruka kati ya minara.

Hatua ya 5: Hesabu
Kwenye «Statistiques» utaona data iliyotoka, iliyoingia na muda wa kuunganika. Weka tarehe ya kuanza iwe siku uliyonunua forfé. Hesabu hiyo ni ya modemu, kampuni ina yake, na ndiyo inayokukata. Upande wa simu utaona zilizopigwa, zilizopokelewa na zilizokosekana, kila moja na saa yake na muda wake. Kama unauzia watu simu kwa dakika, hapo ugomvi unaisha.

MASWALI

Mama wa Kadutu: Fundi, kila mteja akiongea kwenye simu ya waya, intaneti inalala. Modemu imekufa?

Jibu: Hapana mama, ni nzima. Fungua ukurasa wa hali wakati mteja anaongea: kama pale palipoandikwa LTE (ndiyo 4G) pamegeuka WCDMA (ndiyo 3G), modemu imeshuka 3G kwa ajili ya sauti. Inafanya hivyo pale ambapo sauti haipiti kwenye 4G. Simu ikikatwa inarudi yenyewe baada ya muda mfupi. Linganisha saa za simu na saa intaneti ilipolala, utaona zinakutana.

Kijana wa Panzi: Yaya, mimi niko na ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Haina ukurasa.

Jibu: Fungua PuTTY, programu ya kuandikia modemu amri, kwenye tundu la COM ambalo kompyuta imeipa modemu, andika AT. Ikijibu OK, andika AT+CSQ. Ukipata 17, zidisha kwa 2, kisha toa 113: ni -79, nguvu ya mawimbi yote kwa jumla, usiilinganishe na RSRP. Ikijibu 99, haijui. Halafu AT+CREG? Namba ya pili ikiwa 1 uko kwenye rezo yako, 5 uko rominge, 2 inatafuta, 3 umekataliwa.

Mzee wa Bagira: Orodha yangu inaonyesha simu za mwaka 1970! Nani alipiga?

Jibu: Ni wewe mzee, jana. Umeme ukikatika saa ya modemu inapotea, na inaanza upya 1970 mpaka rezo iipe saa. Tafuta batri ndogo ya modemu, ila soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye chaja.

Kijana wa Panzi: Kaka yangu ana ya mezani: RSRP -112, SINR 13. Aihamishe ukutani kama wewe?

Jibu: Asifanye hivyo. Yangu ilikuwa na nguvu na kelele, yake ni safi ila dhaifu, na bati la nyumba linamzidishia udhaifu. Huyo ndiye antene ya nje itamsaidia, kama modemu yake ina matundu ya antene. Aifunge juu ya bati aielekeze mnarani, na asinunue kebo ya mita ishirini, maana kila mita inakula mawimbi. Mita tano zikifika mezani, zinatosha.