Ukizinguliwa na kitu ulichokiamini, fanya hivi kabla hujasema "wote ni wale wale"

Kuna hali watu wanaichanganya na hasira au huzuni, ni pale kitu ulichokiamini kwa moyo wote, chama, kanisa, kazi, kinapoteza ule mvuto na unakiona kilivyo basi. Kiswahili kina neno lake kabisa, kuzinguliwa. Kwa wazee kumzingua mtu ni kumtoa uchawi au pepo, na vijana wa Bongo wakisema "jamaa kanizingua" wanamaanisha kaniangusha. Mi naona zote mbili ni kweli kwa pamoja, umeumizwa na hapo hapo umefunguliwa.

Mfano ninaoujua ni Kenya ya 2002. Mwai Kibaki anaapishwa kuwa rais, Uhuru Park, Nairobi, tarehe 30 Desemba, mjomba wangu analia mbele ya redio, mzee ambaye sikuwahi kumwona akilia hata matangani. Miezi ile abiria wa matatu walikuwa wanamzomea polisi akiomba hongo, yaani watu waliamini! Halafu katiba iliyoahidiwa ndani ya siku 100 haikuja, ikaja skendo ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali na kampuni hewa, 2005 John Githongo aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi akajiuzulu akiwa Uingereza, na baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Mjomba akazima redio, ukimtajia siasa anaondoka mezani.

Sasa ikikukuta, kwanza jua ni nini. Hasira inataka mtu alipe. Hii haitaki chochote, kila kitu kinakuwa kama chakula kisicho na chumvi. Ukiona hivyo usijilazimishe kupiga kelele mtandaoni.

Halafu chukua karatasi, upande mmoja andika ulichoahidiwa, upande mwingine ulichojiongezea mwenyewe. Hii inauma sana ila usiiruke. Elimu ya msingi bure iliahidiwa na Januari 2003 watoto zaidi ya milioni moja wapya wakaingia darasani, hiyo ilitimia. Kumaliza ufisadi iliahidiwa na haikutimia, iandike hivyo hivyo usiipunguze makali. Lakini kwamba mtu mmoja akiingia ikulu tabia za nchi nzima zitageuka usiku mmoja, hapo sehemu kubwa tulijiongezea sisi.

Hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni usitafute haraka wa kuziba pengo. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alitoa hotuba Munich 1917 akasema dunia yetu imetolewa uchawi, sio kwamba tunajua kila kitu, mtu anapanda tramu hajui inatembeaje, ila anaamini akitaka anaweza kujifunza na hakuna mzimu humo ndani. Shida ni kwamba maarifa hayo hayakuambii uishi kwa ajili ya nini, na hapo ndio watu wanapokimbilia nabii mpya. Kwenye hotuba hiyo hiyo aliwaonya wanafunzi waliotaka mwalimu awe kiongozi wao. Kwa hiyo ukitoka kwa mwanasiasa mmoja usirukie mwingine wiki hiyo hiyo, ukitoka kanisa moja usihamie kwa mchungaji mwingine kwa sababu tu anapiga kelele zaidi, kaa na pengo lako hata miezi, uongee na mtu mmoja aliyeamini pamoja na wewe, maana yeye ndiye hatakuambia "si nilikwambia".

Ukianza kuamini tena, amini kitu unachoweza kukikagua. Kura ya maoni ya katiba ilipofika, tarehe 4 Agosti 2010, mjomba alienda foleni asubuhi na mapema bila kofia wala fulana ya mtu yeyote, mkononi ana ile rasimu ya katiba iliyokuwa inagawiwa bure, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu karibu kila ukurasa.